Miaka ya Bwanga na Mstari wa Atija

Tangu niache cherehani watu wananiuliza kama sichoki kukaa bure. Sikai bure. Nakaa kibarazani natazama suruali za wapita njia, na kila suruali ninalo neno nayo. Sasa nyie mafundi mliobaki pale Chuno, Mtwara mjini, mmesema maneno hayo niyaandike kabla sijayasahau. Nimekubali, kwa sharti moja: msinibishie mpaka mfike mwisho.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa Mzee Chilumba, fundi wa suruali ambaye wengi wenu mlimsikia tu. Siku ya kwanza nilivaa gauni la mikono ya puto, maana nilitaka kuonekana fundi kabla sijawa fundi. Mzee alinitazama kuanzia mabega mpaka chini, akauliza, "Binti, hiyo mikono umekuja nayo kushona au kuruka?" Nikacheka. Kabla ya adhuhuri mkono wa kulia ulikuwa umeshikwa na gurudumu la cherehani, na mimi nimeinama pale siwezi kwenda mbele wala nyuma. Akaja na mkasi, akaukata mkono wa gauni, akaupinda papo hapo mimi nikiwa nimekaa, akarudi kwenye kazi yake. Nilipita mtaani jioni ile nikiwa na bega moja la puto na moja la kawaida. Kesho yake nililikata na la pili mwenyewe. Hapo ndipo mtindo wangu ulipoanza kubadilika, na haukusimama tena.

Mzee hakunipa kitambaa kipya kwa muda mrefu. Alinipa mitumba iliyochanika akaniambia, "Fumua. Usishone kitu usichowahi kukifumua." Nikafumua jinzi, majaketi, makoti ya watu wa baridi, fulana zenye bitana. Ukifumua nguo unaona aliyeishona alikuwa na haraka au alikuwa na raha. Unaona mahali alipoiba kitambaa na mahali alipoongeza kwa huruma yake. Ndiyo maana mpaka leo mtu akinisifia chapa ya nguo, mimi naigeuza ndani nje kwanza.

Na chapa zilikuja kwa fujo. Marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa kwa wingi sokoni, vijana wa Mtwara waliacha kusema "shati" wakaanza kusema majina. Majina yenyewe hatukuyajua kuyasoma, basi tukazibatiza nguo kwa picha zake. Kulikuwa na Jogoo, yenye jogoo mdogo kifuani. Kulikuwa na Mundu, na Nyota Mbili, na nyingine tuliiita Bibi Kakasirika kwa sababu ya uso uliokuwa mgongoni. Maoni yangu, kwa kuwa mmeniomba: Jogoo ilikuwa nguo ya kweli, uzi mara mbili kila mshono, unafua mpaka unachoka wewe. Mundu ilikuwa maringo tu, zipu yake haikuwahi kumaliza mfungo mmoja wa Ramadhani. Nyota Mbili nzuri kwa watu wembamba. Bibi Kakasirika sikuipenda, lakini niliitia viraka kwa heshima zote, kwa sababu wenyewe waliipenda sana.

Wazee walilalamika kwamba vijana wanatembea na maandishi kifuani kama magunia ya mbolea. Nilikuwa nawajibu: sisi wanawake wa pwani tumevaa maandishi tangu bibi zetu. Kanga ina jina lake, na jina lile tunalichagua tukijua nani atalisoma. Kijana wa Jogoo hana tofauti na mama aliyejifunga kanga ya kumsema jirani. Tofauti ni kwamba mama anaelewa kilichoandikwa.

Kisha ikaja bwanga. Ile suruali pana, mguu mmoja unaingia watu wawili. Mzee Chilumba alipoiona mara ya kwanza alisema, "Hii si suruali, ni magauni mawili yameshikana mikono." Mimi niliipenda tangu siku hiyo, na nitaitetea mpaka kaburini. Bwanga inasamehe. Inasamehe aliyenenepa, aliyekonda, fundi aliyepima akiwa na usingizi. Upepo wa bahari ukivuma kule Shangani, kijana wa bwanga alikuwa anaonekana anakwenda mahali hata kama hana pa kwenda.

Kata K, ile ya kushusha suruali chini ya makalio, siipendi, na sababu si dini peke yake, ingawa dini ingetosha. Kiuno cha suruali kimeshonwa kikae kiunoni. Alikuja brazameni mmoja, miwani mpaka ndani ya banda, akataka nimpunguzie suruali lakini ibaki inaanguka. Nikamuuliza ianguke mpaka wapi. Akanionyesha. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo hata futi kamba inaona haya." Nilimshonea hivyo hivyo. Mteja ni mteja. Ila nilimtilia mkanda wa ndani wa kufunga kwa siri, na baada ya wiki akaja kuniletea marafiki zake watatu wanaoutaka mkanda ule. Kuhusu modo, zile za kubana zilizokuja baadaye, sina la kusema isipokuwa kwamba namhurumia mwenye kuzivua.

Mwenyewe sikubaki nyuma. Cherehani ya miguu inaumiza kisigino, na kandambili zinateleza kwenye pedeli. Nikanunua raba nyeupe za mtumba, nikazivaa chini ya baibui. Mume wangu akasimama mlangoni akanitazama. "Mama Zuhura, unakwenda kushona au kucheza namba saba?" Nikamwambia nakwenda kufunga mabao. Mama mkwe wangu alinuna, kisha akaomba azijaribu, kisha nikalazimika kutafuta jozi ya pili. Baadaye nikaongeza jaketi la dangirizi juu ya dera wakati wa kipupwe. Wasichana walicheka, halafu wakaja kuuliza nimelipata wapi. Nilifurahi sana miaka ile, nawaambieni kweli. Nilikuwa naamka nina hamu ya kuona leo watu watavaa nini.

Lakini kazi iliyonipa raha kuliko zote, na iliyonitia hofu kuliko zote, ilikuwa nguo za kutokea kumbini.

Mnajua wenyewe. Mavuno yakiisha watoto wanapelekwa jandoni, wanakaa kumbini porini wanafundwa, na siku ya kutoka kijiji kizima kinasimama njiani kuwapokea. Zamani walitoka na shuka jipya au kanzu. Enzi zetu walitoka na bwanga, raba, kapelo, miwani meusi, mwavuli, na sweta la kofia katika joto la Mtwara, wala hakuna mwali, ndivyo tunavyomwita mtoto wa jando, aliyewahi kulalamika. Na kwa desturi ya huku kwetu, anayemvisha mwali ni mjomba wake. Siku hiyo wajomba husimama mbele, kila mmoja anamshika wake mkono, na mzee wa kumbi anauliza kwa sauti, "Huyu kavishwa na nani?" Mjomba anajibu. Mtoto anayejibiwa ana kwao.

Mambo ya Mahurunga, kijiji cha mpakani kando ya mto Ruvuma, yalitokea mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku moja waliingia bandani kwangu kina mama wawili wa kijiji hicho, kila mtu na lake. Mmoja alikuwa Mama Saidi, mwenye mikorosho mingi na mdomo mwingi vilevile. Kaka yake wa Dar es Salaam alikuwa amemletea mpwa wake seti nzima ya Jogoo, na alitaka nipinde mguu tu. Wa pili alikuwa Bi Atija, Mmakua wa ng'ambo, Msumbiji, aliyevuka Ruvuma wakati wa vita akiwa na mtoto mgongoni, akabaki Mahurunga analima muhogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye kujifunga kapulana, zile kanga za ng'ambo zisizo na maandishi, mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Alikuja na mwanawe Amade na kipande cha kodrai ya buluu.

"Mpime huyu," akaniambia. "Anaingia kumbini."

Nikauliza mjomba wake anataka mtindo gani.

"Mjomba wake alibaki ng'ambo. Tangu vita sijui kama yu hai."

Mama Saidi akaingilia, na naamini alitaka kusaidia, ila mdomo ulitangulia. "Shoga, si uazime tu? Saidi wangu anayo bwanga yake ya zamani. Hawa wa ng'ambo nani atawauliza?"

Bi Atija hakumtazama. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Nataka avae yake, fundi. Wakiuliza kavishwa na nani, pawe na jibu."

Nilimpima Amade kwa makini kuliko ninavyopima bwana harusi. Kitambaa kilikuwa kidogo. Bwanga haikutoka hata kwa dua. Ikatoka suruali ya kawaida, na nikaacha nafasi kiunoni, maana kila fundi wa huku anajua mwali hurudi na mwili. Kumbini hakuna jembe, kuna kufundwa na kula. Na sisi wanawake mwali akishaingia hatumwoni tena mpaka siku anayotoka. Mzee Chilumba alikuwa na usemi wake: mwali hapimwi, hukisiwa. Nikakisia.

Nilichoshindwa kukisia ni Bi Atija. Yule mama aliogopa jambo moja, kwamba mwanawe atatoka amekonda na watu waseme kwa wakimbizi hakuna chakula. Basi kila siku alipeleka chungu. Ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga, kuku, samaki wa mtoni, ndizi. Na chakula cha kumbini huliwa pamoja, hakina mwenyewe, kwa hiyo alinenepesha kumbi zima. Wenzake Amade walikuwa na bwanga zinazosamehe. Amade alikuwa na suruali ya kawaida.

Siku ya kutoka nilikwenda Mahurunga na cherehani ya mkono, kama nilivyofanya kila msimu, kwa sababu hakuna mwali aliyewahi kutoka kumbini na vifungo vyote. Nilikuwa kibarazani kwa Bi Atija, ngoma imeshaanza kusikika upande wa mtoni, tukamwona Mshamu anakuja mbio na suruali mkononi. Mshamu alikuwa mlezi wa Amade kumbini, mtu mzima mwenye familia, si mtu wa kukimbia ovyo.

"Fundi, haipandi."

"Imekwama wapi?"

"Mapajani. Huko kiunoni hata hatujafika."

Bi Atija akashika kifua. "Kaumwa? Kavimba?"

"Kavimba nini, mama! Umewapelekea vyungu wewe. Wamekuwa kama wachinjaji." Akahema. "Wanaoga sasa hivi. Wakimaliza wanatoka, wazee hawamngoji mtu. Nimemwacha kajifunga msuli wangu."

Nilicheka, siwezi kusema sikucheka. Kisha nikamwona Bi Atija. Alikuwa anautazama ule mguu wa suruali kama mtu anayetazama mlango unafungwa. Mwanawe angetoka mbele ya kijiji na msuli wa kuazima, baada ya yote aliyosema. Kicheko kikaniishia.

"Kiuno chake sasa ni kama cha nani?" nikamuuliza Mshamu.

"Kama changu."

Nikampima Mshamu mwenyewe, kasimama ametoa macho kama mbuzi wa mnada. Nikageuza suruali, nikashika kiwembe, nikafumua mishono ya pembeni yote miwili, kuanzia kiunoni. Nilihitaji kipande cha vidole vinne kila upande, na kodrai haikubaki hata ya kufunika kifungo. Nilimwambia Bi Atija anitafutie kitambaa chochote kigumu.

Hakuingia ndani. Alifungua kapulana yake ya juu, ya njano yenye maua mekundu, iliyofifia kwa kufuliwa, akaniwekea mapajani.

"Kata hii."

"Bi Atija, hii si ndiyo..."

"Ndiyo. Ndiyo niliyombebea tulipovuka. Kata, fundi, ngoma inakuja."

Sioni haya kusema kwamba nililia huku nakata. Wakati huo Mama Saidi alikuwa amefika kumwita jirani yake waende njiani. Akasimama, akaona, akaelewa. Cherehani ya mkono inataka mtu mwenye mikono mitatu, na mimi ninayo miwili. Bila kuombwa, Mama Saidi akavua bangili, akachuchumaa, akashika mpini akaanza kuzungusha. Mimi nikaelekeza kitambaa.

Tulipofika gotini palikuwa panatosha, mguu haukuhitaji zaidi. Mama Saidi akasema tuishie hapo, wakati umekwisha. Nikakataa. Kiraka kikiishia njiani ni kiraka. Kikifika chini ni mtindo. Hilo lishikeni, ndiyo elimu yote ya mavazi niliyo nayo. "Zungusha," nikamwambia, na mama wa watu akazungusha mpaka jasho likamtoka, mistari miwili ya njano ikashuka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Mshamu akanipokonya suruali ingali na uzi unaning'inia akapotea nayo.

Wali wetu, wale watoto wa jando, walitoka kwa mstari. Mbele Saidi, Jogoo juu, Jogoo chini, mjomba wake wa Dar es Salaam kamshika mkono. Nyuma yake wengine, kila mmoja na mjomba wake, miwani, kapelo, miavuli. Mwisho kabisa Amade, peke yake, mnene kama kiazi kitamu, hana miwani wala kapelo, na kila akipiga hatua ile njano inawaka pembeni mwa miguu.

Vijana waliokuwa wamepanda ukutani wakainama wamwone vizuri. Mmoja akauliza, "Hiyo ya kampuni gani?" Mwenzake, ambaye hakuwahi kuvuka Mikindani hapa jirani, akamjibu kwa uhakika, "Hiyo bado haijafika Tanzania."

Mzee wa kumbi akafika kwa Amade. Akauliza kama alivyowauliza wote, "Huyu kavishwa na nani?"

Mahali pa mjomba palikuwa patupu, na kila mtu alipaona.

"Na mama yake," Bi Atija akajibu kutoka kwa wanawake.

Watu wakanong'ona. Mama havishi. Mzee mwenyewe akageuka kuwatazama wajomba. Ndipo Mama Saidi, mkono bado unamuuma, akapiga kigelegele kilichowashtua kuku, na wanawake wote wakakipokea. Mzee akapita. Amade akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kabla ya jioni Saidi alikuwa anamwomba wabadilishane suruali, na Amade anakataa.

Nilirudi mjini nimefurahi, lakini lile pengo la mjomba lilinikaa rohoni.

Msimu uliofuata sikupata nafasi ya kupumua. Wazazi wa Mahurunga walikuja Chuno wanataka mstari. Walikuwa na Jogoo, walikuwa na Nyota Mbili, na wote walinitaka nifumue pembeni nitie njano. Niliwaambia kapulana sina, nendeni kwa mwenyewe. Wakaenda. Mama Saidi aliyekuwa na mtoto wa pili anaingia kumbini alikuwa wa kwanza. Bi Atija alimpa, akawapa na wengine, ile ya zamani mpaka ikaisha, halafu akaagiza nyingine ng'ambo kwa wavukaji wa mtoni. Kila mmoja alipomuuliza alipe nini, alimwambia akalete mtoto amwone akishavaa.

Siku ya kutoka nilikuwa pale na cherehani yangu. Wali walikuja na njano pande zote mbili, mstari mzima unawaka. Mzee wa kumbi akasema, "Wajomba, sogeeni mbele." Wanaume wakasogea. Mama Saidi akamshika Bi Atija mkono akaanza kumvuta.

"Niache, dada, huko ni kwa wanaume."

"Twende."

Mzee akawaona wanawake wawili wanakuja upande usio wao. Akakunja uso. Akafungua kinywa kuwarudisha, kisha akawatazama wali, suruali moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa mstari. Akamtazama Bi Atija, na ile kapulana mpya ya njano kiunoni mwake.

"Hawa wote," akauliza polepole, "kawavisha nani?"

Wajomba walikuwa wanatazamana, na mmoja akaanza kucheka.

"Haya," mzee akasema. "Basi apewe nafasi."

Wanaume wakabanana, wakaacha pengo, Bi Atija akasimama katikati yao. Wali wakapita mmoja mmoja kuwaamkia wajomba zao kama walivyofundwa. Wa kwanza alikuwa mtoto wa Mama Saidi. Alipofika kwa Bi Atija akababaika, akageuka kumtazama mama yake. Mama Saidi akamtolea macho.

"Shikamoo, mjomba," mtoto akasema.

Bi Atija akashika pindo la kapulana kwa mikono yote miwili.

"Marahaba, mpwa wangu."